Maswali na Majibu ya Fizikia: Silikoni Inapopokea Metali

Maswali manne ya wiki hii yanahusu jambo moja, yaani uso wa fuwele ya silikoni na kinachoupata pale atomu za metali zinapotua juu yake.

Mwalimu, shikamoo. Ulisema safu ya juu ya fuwele haifanani na safu za ndani. Kama atomu ni zile zile, tofauti inatoka wapi? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Mafinga)

Marahaba. Ndani ya fuwele, kila atomu ya silikoni imeshikana na majirani wanne. Fuwele ikikatwa, atomu za juu hupoteza jirani na kubaki na kifungo kitupu chenye elektroni moja isiyo na mwenzake, hali ambayo ina nishati kubwa na kwa hiyo haitulii. Aliyewahi kumtazama msusi wa vikapu vya milulu hapa Iringa anajua kwamba ukingo hauachwi na ncha zinazochomoza: hukunjwa na kurudishwa ndani, na ndiyo maana msuko wa ukingo ni tofauti na wa ubavuni ingawa milulu ni ile ile. Silikoni nayo hufanya hivyo. Katika uso uitwao (111), jina linaloonyesha mwelekeo ambao fuwele imekatwa, atomu hujipanga kwa umbo linalojirudia kila baada ya nafasi 7 upande huu na 7 upande wa pili. Eneo hilo lingekuwa na vifungo vitupu 49, lakini baada ya kujipanga hubaki 19 tu. Dalili za mpangilio huo zilionekana mwaka 1959 kwa kurusha elektroni kwenye fuwele; kazi ya kueleza kila atomu imekaa wapi ilichukua muda mrefu zaidi, hadi mwanafizikia wa Japani, Takayanagi, na wenzake walipotoa ramani yao mwaka 1985.

Mimi ni fundi wa sola. Ile mistari ya fedha juu ya paneli ndiyo hiyo metali unayoizungumzia? (Makambako)

Hapana, ndugu yangu. Mistari hiyo huchapishwa kwa rojo lenye chembe za fedha, kisha ikachomwa kwenye tanuri, na unene wake ni makumi ya maelfu ya safu za atomu. Hapa tunazungumzia safu moja, na mara nyingine hata pungufu ya moja.

Je, metali hukaa tu juu kama rangi ukutani, au huisogeza silikoni yenyewe? Na kwa nini kila metali huleta umbo lake? (Mwalimu wa sekondari, Tukuyu)

Mfano wa rangi ukutani sipendi tuutumie, kwa sababu ukuta haujali umepakwa nini, ilhali silikoni hujali sana. Chukua alumini, galiamu au indiamu, ambazo kila atomu yake ina elektroni tatu za kuunganisha. Zikitua kwa kiasi cha atomu moja kwa kila atomu tatu za silikoni za uso, kila moja hukaa juu ya silikoni tatu na kushika vifungo vitupu vyote vitatu kwa pamoja. Vifungo vitupu vinakwisha, sababu ya umbo la 7 kwa 7 inakwisha nayo, na mahali pake hutokea umbo dogo ambalo kila upande wake si nafasi 7 tena bali nafasi moja mara kipeuo cha pili cha 3, na ambalo limegeuka nyuzi 30.

Fedha huvuruga zaidi. Umbo lake linahitaji atomu moja ya fedha kwa kila silikoni moja, na silikoni za safu ya juu husogea zikakaribiana tatu tatu. Kwa kuwa umbo la 7 kwa 7 lina silikoni nyingi kuliko zinazohitajika, zile za ziada husukumwa kando na kujenga visiwa vidogo, huku kwingineko yakibaki mashimo.

Dhahabu, ambayo wenzetu wa Chunya wanaijua kwa jasho, ikiwa kidogo hujipanga kwa minyororo iliyonyooka. Ikizidi na ukaipasha moto, yatarajie mengine: dhahabu huyeyuka kwa nyuzi 1064 za Selsiasi na silikoni kwa 1414, lakini mchanganyiko wao huweza kuyeyuka kwa takriban nyuzi 363 tu, hivyo mpangilio wa uso unapotea na matone yanaanza. Indiamu nayo, ikiongezwa hadi safu moja kamili, huunda minyororo inayopitisha umeme. Ikipozwa hadi karibu nyuzi 150 chini ya sifuri, atomu za minyororo hiyo husogea tena na upitishaji huo unakatika.

Tunaweza kuyaona haya kwa darubini ya maabara ya shule? (Njombe)

Haiwezekani. Urefu wa wimbi la mwanga tunaouona huanzia takriban nanomita 400, na umbali kati ya atomu za uso huo ni nanomita 0.38. Wanafizikia Binnig na Rohrer, wakiwa karibu na Zürich, Uswisi, walitumia sindano kali inayopitishwa juu ya uso pasipo kuugusa, huku mkondo mdogo wa umeme ukivuka pengo. Mwaka 1983 walichapisha picha ya umbo la 7 kwa 7, na mwaka 1986 wakapata sehemu ya Tuzo ya Nobel. Kazi yenyewe hufanyika ndani ya ombwe kali sana, kwa sababu hata kwa shinikizo lililo sehemu moja ya bilioni ya hili la hewa tunayovuta, uso safi unaweza kufunikwa na gesi ndani ya sekunde chache.