Poti za DSLAM zinakata kila jioni: nibadilishe nini?

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Mimi ni fundi wa mtandao kwenye hoteli ya bungalo huku Diani. Tuna DSLAM moja (mtambo wa kugawa intaneti kwa laini nyingi za simu) ya poti 48 za ADSL2+ inayopitisha intaneti kwenye nyaya za simu za zamani hadi vyumbani. Bungalo ya karibu iko kama mita 150, ya mwisho kama mita 900. Intaneti tunayonunua ni ya Mbps 60. Aliyefunga mtambo aliacha profaili moja kwa poti zote: kasi ya juu Mbps 24, SNR margin 3 dB, hali ya Fast. Asubuhi mambo ni shwari. Ikifika saa moja usiku laini zinaanza kukatika moja baada ya nyingine, na za mbali ndizo zinazosumbua zaidi. Halafu kuna vyumba viwili vitatu ambavyo taa ya DSL inawaka bila kupepesa lakini intaneti hakuna kabisa. Nibadilishe nini kwenye poti, na nianze na kipi?

JIBU: Salama, fundi mwenzangu. Anza na hiyo profaili. Watu wengi wakiona laini inakatika hukimbilia kuchimba nyaya, lakini kwa maelezo yako laini zako zimepewa mzigo zisizoweza kuubeba usiku, na mzigo wenyewe hauna kazi. Poti 48 mara Mbps 24 ni Mbps 1,152. Wewe unanunua 60. Hakuna mgeni atakayeonja ile 24, ila wote wanalipia gharama yake kwa kukatikiwa.

Gharama hiyo iko hivi. ADSL2+ huugawa waya katika mikondo midogo 512, kila mmoja una upana wa kHz 4.3125, jumla hadi MHz 2.2. Modemu na DSLAM zinapoamkiana hupima kelele kwenye kila mkondo, kisha zinakubaliana ni bit ngapi zipakiwe hapo, mwisho 15. SNR margin ndiyo akiba inayobaki baada ya kupakia. Ukiiweka 3 dB unaiambia poti ipakie kila kitu, ibakize nafasi ya kelele kuongezeka mara mbili tu. Ikizidi hapo, makosa yanapita kiwango kinachokubalika, ambacho ni kosa moja katika bit milioni 10, na modemu isipoweza kustahimili hukata na kuanza kuamkiana upya. Kwa mgeni aliye kwenye simu ya video, huko kuamkiana upya ni kimya cha nusu dakika au zaidi.

Sasa jioni kuna nini? Hukunieleza modemu zinapata umeme wapi, na hilo nataka ukaliangalie leo. Hoteli nyingi zina kile kisanduku cha kadi mlangoni: mgeni akitoka na kadi yake, umeme wa chumba unazimika. Kama modemu iko kwenye soketi hiyo, basi mchana poti nyingi zimelala. Zile chache zilizo hewani zilipima kelele wakati kebo iko kimya, zikajipakia hadi shingoni kwa akiba ya 3 dB. Wageni wakirudi kutoka ufukweni, poti 30 zinaamka ndani ya saa moja, kila moja inavujisha mawimbi kwa jirani yake ndani ya kebo ileile, na akiba ya wale wa mwanzo inaisha. Wakikatika wanaamkiana upya kwa kasi ndogo zaidi, na wanaochelewa kurudi wanawatikisa wengine tena.

DSLAM yako inaweza kukuthibitishia jambo hili bila kukisia. Vifaa vinavyofuata kanuni za ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, huhifadhi hesabu za makosa kwa vipande vya dakika 15 na vya saa 24, kila poti na zake. Fungua poti ya bungalo ya mwisho, soma vipande vya kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku. Ukiona LPR inapanda, hiyo ni modemu inayotoa taarifa ya mwisho kwamba umeme unaondoka. Hapo ni kadi ya mlangoni, si kelele. Ukiona CRC (hesabu ya data zilizofika na makosa) na sekunde zenye makosa zinapanda polepole halafu laini inakatika, ni akiba iliyoisha. Ukiona makosa yanakuja kwa mafungu mafupi yaliyoachana, tafuta kinachowaka na kuzimika: pampu ya bwawa, mota ya kiyoyozi, jenereta linalopokea mzigo.

Kuna na mgeni mwingine wa usiku ambaye mafundi wengi hawamfikirii, redio ya masafa ya kati. Vituo vyake viko takriban kati ya kHz 526 na 1606, ndani kabisa ya mawimbi ya ADSL2+, kuanzia mkondo wa 122 hivi hadi wa 372. Mchana mawimbi hayo husafiri kwa kufuata ardhi na kufifia. Jua likizama yanadunda kwenye anga ya juu na kufika mbali sana, na waya mrefu wa shaba unayapokea kama antena. Kama mtambo wako unaonyesha jedwali la bit kwa kila mkondo, lichukue saa sita mchana na ulichukue tena saa mbili usiku kwa poti hiyohiyo. Mashimo membamba yaliyochimbika katikati ya jedwali la usiku ni redio. Bonde pana linaloshusha mikondo mingi ya juu kwa pamoja ni majirani ndani ya kebo. Ukishayaona majedwali hayo mawili yakiwa sambamba hutahitaji mtu kukueleza kwa nini 3 dB haitoshi.

Dawa. Tengeneza profaili mpya, usiihariri ile ya zamani, ili uweze kurudi ikibidi. Kasi ya juu ya kushuka weka kbps 8192, ya kupanda 1024. Najua meneja atauliza kwa nini "umepunguza intaneti". Mwonyeshe ile hesabu ya 1,152 kwa 60. Kasi ya chini iache ndogo, 512 kushuka na 128 kupanda, kwa sababu ukiipandisha poti inakataa kuamka kabisa siku waya ukiwa mbaya, na laini ya polepole ni afadhali kuliko chumba kisicho na laini.

Akiba inayolengwa weka 9 dB kwa zote, na 12 kwa zile za mita 700 kwenda juu. Akiba ya chini kabisa, ile ambayo poti ikiivuka inakata, iweke 0 au 1. Hapa kuna mtego: akiba ya juu. Iache kwenye 31 dB, au ifungue kabisa kama kifaa kinaruhusu. Ukiiweka chini, tuseme 10, DSLAM itaona laini ina akiba ya ziada na kupunguza nguvu ya mawimbi mpaka ziada iishe. Utakuwa umefunga kasi kwenye Mbps 8 ili upate utulivu, halafu mpangilio mmoja unaupora utulivu wote bila kelele. Nimekuta hili kwenye mitambo mingi iliyofungwa na watu makini kabisa, kwa sababu jina la mpangilio halionyeshi hatari yake.

Faida ya kufunga kasi ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kila bit moja unayoipunguza kwenye mkondo inakurudishia karibu 3 dB. Bungalo ya mita 150 iliyokuwa inavuta 24 ikishushwa hadi 8 itakuonyesha akiba ya zaidi ya 20 dB, na hapo redio, pampu na majirani wote watapita bila mgeni kujua. Ya mita 900 nayo itapata zaidi ya hapo ulipolenga, na inatosha.

Toka hali ya Fast uende Interleaved, ucheleweshaji wa juu ms 8, na INP (kinga dhidi ya mshtuko wa kelele) ya alama 2. Hali hii huchanganya data kabla ya kuzituma ili mshtuko mmoja usiharibu kipande kizima. Alama moja ni maikrosekunde 250, kwa hiyo 2 zinakulinda dhidi ya mshtuko wa hadi 500. Hizo ms 8 hazisikiki kwenye simu ya WhatsApp. Bit swap (kuhamisha bit kutoka mkondo wenye kelele kwenda wenye nafuu) iwe imewashwa, na SRA pia kama modemu zinaikubali, maana SRA hushusha kasi bila kukata laini.

Kwenye vifaa vingi, mfano wa familia ya MA5600 ya Huawei, poti haipokei profaili mpya ikiwa hewani. Unaizima kwa deactivate, kisha unaiwasha kwa activate ukitaja namba ya profaili. Fanya saa nne asubuhi wageni wakiwa nje, poti tano kwanza, tatu kati ya hizo ziwe za mbali, uziache usiku mzima ndipo uhamie kwa nyingine.

Nyaya utazigusa pale tu namba zinapokuambia. Waya wa shaba wa mm 0.4 hupoteza karibu 14 dB kwa kilomita kwenye kHz 300, kwa hiyo ya mita 900 isome 12 au 13. Ukikuta chumba cha mita 300 kinasoma 25, kuna kiungo kimeliwa na chumvi ya bahari, au kuna tawi la simu ya zamani lililoachwa likining'inia. Kata tawi, funga upya kwa kiunganishi cha jeli. Na laini inayokatika kila simu ya chumba inapolia haina tatizo la poti, inakosa filta ya kutenganisha simu na intaneti.

Vile vyumba vyenye taa ya DSL bila intaneti ni jambo jingine kabisa, na hata ukicheza na akiba mwezi mzima hutaviponya. Taa inasema tu waya umeshikana. ADSL2+ hubeba data kwa ATM, mfumo wa kuzikata data vipande vidogo, kwa hiyo VPI na VCI (namba za njia ya vipande hivyo) za modemu lazima zifanane na za poti, pamoja na aina ya ufungashaji, LLC au VC-Mux. Modemu iliyobadilishwa juzi huenda imekuja na 8/35 wakati poti ina 0/35. Angalia jedwali la MAC (anwani ya kudumu ya kila kifaa) kwenye DSLAM. MAC ya chumba hicho isipoonekana, rekebisha namba hizo. Ikionekana lakini kifaa hakipati anwani ya IP, shuka kwenye VLAN, yaani vigawanyo vya mtandao ndani ya mtambo: je, poti hiyo imeingizwa kwenye VLAN ileile ya nyingine, na swichi ya juu inaipitisha? Na kama modemu zako ni daraja tu, yaani zinapitisha data bila kugawa anwani zenyewe, tazama kikomo cha MAC kwa poti. Kikiwa 1, simu ya mgeni itapata intaneti na kompyuta ya mwenzake itabaki nje. Weka 8.

Ukiwa humo kwenye VLAN utakuta mpangilio wa kutenganisha poti. Usiuzime hata ukishauriwa kwamba utarahisisha kazi, kwa sababu ndio unaomzuia mgeni wa chumba kimoja kuchungulia kompyuta ya mwingine.

Mwisho hifadhi mipangilio kwa amri ya save, na utoe nakala nje ya mtambo. Umeme ukikatika usiku kabla hujafanya hivyo, DSLAM itaamka na profaili ya zamani.