Hotuba ya wema: simulia, usihubiri

Ndugu, nimekuelewa: umepangiwa hotuba ya dakika 5 hadi 7 klabuni kuhusu wema wa kila siku, na unaogopa kuonekana unahubiri. Hofu yako ina msingi. Mada hii huwaponza wengi. Wanaishia kwenye "tupendane" na watu wanaanza kutazama saa.

Chukua tukio moja tu, tena dogo. Mimi nilisimulia mzee aliyenishikia mlango wa lifti usifunge, mikono yangu imejaa mafaili na moja limeshaanza kuteleza. Sikufafanua kitu. Nilinyamaza kidogo, wakaelewa wenyewe.

Kariri sentensi ya kwanza na ya mwisho. Katikati zungumza tu. Fanya mazoezi kwa sauti, umesimama, ukijipima muda. Kama klabu yenu ni ya Toastmasters (mtandao wa klabu za kujifunza kuhutubia), kwa hotuba hiyo taa ya muda ya kijani huwaka dakika ya 5, ya njano ya 6, nyekundu ya 7.

Angalizo: uliyemsaidia usimtaje jina, utamwaibisha. Na kisa ambacho bado kinakuliza, kiache kwanza. Kutetemeka ni kawaida (magoti yangu hadi leo hayajazoea), ila hofu ikikunyima usingizi siku nyingi, muone daktari au mshauri nasaha.