Bamba la theluji kwenye jua la Tanga: kagua haya kabla hujalipa

Juzi dada mmoja wa Kiwangwa, mkulima wa mananasi, kaniandikia. Kapata trekta dogo la Kubota lililotumika, limetoka Japani, na muuzaji anambembeleza achukue pamoja na bamba la mbele la kusukumia theluji, kwa bei ya kutupa. Picha katuma. Anauliza: nchi hii theluji iko kileleni Kilimanjaro, sasa mimi hilo bamba nalinunulia nini?

Dada, maneno hayo nishayasikia. Nilitupiwa kwenye baraza ya kahawa Ngamiani, mbele za watu, na mtu wa ukoo wangu. Kwamba nimetupa pesa ya machungwa kwenye chuma cha barafu. Watu wakacheka. Nililipa kahawa yangu nikaondoka bila kumjibu. Leo barabara ya kuingia shambani kwangu Muheza inapitika masika nzima, Fuso zinaingia tupu na kutoka zimejaa, na ndugu yangu yuleyule kaja mwenyewe kuniomba nimchongee ya kwake. Nimemchongea, tena bure, kwa sababu ndugu ni ndugu. Lakini sijasahau.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, linunue, ila ujue unanunua nini. Theluji iliyoanguka muda huohuo ina uzito wa kilo 50 hadi 100 kwa mita moja ya ujazo. Mchanga mkavu ni kama kilo 1,600, na udongo ulioshiba maji unapita hapo. Aliyetengeneza bamba hilo hakuwaza kuchimba ardhi. Usilipelekee ardhi ngumu ya kiangazi ukategemea litaikata kama greda. Kazi yake ni kusukuma kilicholegea: kutandaza kifusi ambacho lori limemwaga, kukokota tope la juu, kufukia makorongo madogo, kusafisha uwanja wa kuanikia. Mimi huagiza kifusi, namwagiwa kwa mafungu njia nzima, kisha natandaza mwenyewe. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya vibarua wenye sepeto na ilikula pesa kila mwaka.

Sasa ukaguzi. Hapa ndipo watu wanapopigwa.

Usianze na uso wa bamba. Uso hupakwa rangi mpya ukang'aa. Zunguka nyuma, piga magoti. Kule linakotoka, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hujificha kwenye mikunjo ya nyuma, kwenye mbavu na chini kabisa karibu na makali. Kwenye yadi niliyonunulia la kwangu, kulikuwa na jingine lililopakwa rangi ya chungwa, zuri kwa macho. Nikatoa funguo mfukoni, nikakwangua pembeni mwa kiungio. Rangi ikabanduka na gamba la kutu nene, na chini yake pakaonekana mshono wa kuchomelea juu ya mshono mwingine. Muuzaji akasema, "Mzee, hiyo rangi ya kiwandani hiyo." Nikamwambia, "Kijana wangu, kiwandani hawachomelei mara mbili." Akanyamaza. Nilisikia uchungu, maana nilijua atakuja mtu baada yangu asiye na funguo.

Kisha shika bamba kwa mikono miwili kwenye ncha moja ulitikise. Likicheza, chomoa pini ya katikati utazame tundu. Tundu la duara ni zima. Likiwa limerefuka kama yai, kazi imelila, na kulirudisha ni kuchonga bushi mpya, kile kikopo cha chuma kinachokaa ndani ya tundu. Hiyo ni gharama, ikatwe kwenye bei.

Springi nazo. Mabamba mengi ya theluji yana springi nyuma ili likigonga kitu, makali yarudi nyuma, lisivunje trekta. Kwetu kuna visiki na mizizi ya mikorosho, kwa hiyo springi hizo ni uhai wako. Wapo mafundi watakaokushauri uzichomelee zisicheze, eti bamba lipate nguvu. Kataa. Pigo lote litahamia kwenye ekseli ya mbele na chesisi, na chesisi ya trekta dogo ikipasuka utalia.

Mahali pa kufungia ndipo panapoharibu biashara kuliko pote. Bamba la mbele lina fremu yake inayofungwa kwenye chesisi, na fremu hutengenezwa kwa modeli fulani. Bila fremu, umenunua bati nene. Kama ni la nyuma, lile linaloshikwa na mikono mitatu ya trekta, miwili chini na mmoja juu, chukua kalipa upime matundu. Trekta dogo la kawaida hutumia pini ya milimita 22 chini na 19 juu. Ukikuta matundu ya chini ya milimita 28, hilo ni la trekta kubwa, liache. Yapo pia yaliyotengenezwa kwa ajili ya pikapu, na pampu yake ya umeme. Ni mazito, trekta dogo litainama mbele na usukani utakuwa mgumu.

Upana usidanganyike nao. Bamba la sentimita 150 ukiligeuza nyuzi 30 linabaki na upana wa 130 hivi. Pima trekta lako kutoka ukingo wa nje wa tairi moja hadi mwingine. Bamba lililogeuzwa lisipofunika tairi, utakanyaga ulichosukuma.

Haidroliki: mwambie awashe trekta, anyanyue bamba, azime, kisha mkanywe chai. Mkirudi limeshuka, silinda au vali inavujisha. Rodi ya silinda itazame juani, iking'ara bila vidonda ni sawa. Na makali ya chini yakiwa ya mpira, badili uweke ya chuma, kifusi hakiogopi mpira.

Vijana, na hili nalisema kwa uchungu: acheni kununua mashine kwa picha. Mnatuma pesa ya kilimo cha mwaka mzima kwa mtu msiyemjua, halafu mnalaumu bahati. Nenda mwenyewe, nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji, na mlipe nauli yake. Toa malipo ya mwisho bamba likiwa limefungwa kwenye trekta na limesukuma kitu mbele ya macho yako. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Ukishalifikisha shambani, usilifanyishe kazi nyuma ya trekta ikiwa tupu. Acha rotaveta, ile mashine ya visu ya kutifulia udongo, imefungwa kule, uzito wake unashikilia tairi za nyuma chini. Anza na gia ndogo, tabaka jembamba. Na sisi tunaokaa karibu na bahari, jioni lioshe kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, paka rodi ya silinda grisi, uliteremshe mpaka chini. Usiliache likining'inia, hasa kama nyumbani kuna watoto.