Usikitafute Kisanduku Ndani ya Kiolezo

Msomaji mmoja aliniandikia juzi kwamba ameweka TextBox (kisanduku cha kuandikia) ndani ya DataTemplate (kiolezo cha kuonyesha data) ya WPF, zana ya Microsoft ya kutengeneza programu za Windows, na kuipa jina txtIdadi kwa x:Name, lakini akilitumia jina hilo kwenye msimbo wa dirisha, kompaila inadai hailijui. Kompaila haina kosa. Kiolezo ni maelekezo tu ya kutengeneza vidhibiti, yaani vitu vya kwenye kioo kama visanduku na vitufe, na kila mstari wa orodha hupata nakala yake yenye eneo lake la majina. Orodha ikiwa na dawa 500, txtIdadi anayoitaka ni ya dawa ipi?

Niliwahi kukabidhiwa programu ya stoo ya dawa ambayo aliyenitangulia alikuwa akipata mstari kwa ContainerFromItem, akishuka kwa VisualTreeHelper hadi kwenye ContentPresenter, sehemu inayobeba nakala ya kiolezo, kisha akiita FindName ya kiolezo ili akipate kisanduku kwa jina. Njia hiyo ni halali. Ila ListBox kwa kawaida haitengenezi mistari isiyoonekana kwenye kioo, kwa hiyo mtunza stoo alipobonyeza kitufe cha kuhifadhi, dawa zilizokuwa chini zaidi zilirudisha null (yaani hakuna kitu), msimbo ukaziruka kimya kimya, na idadi alizokwisha kuziandika zikapotea.

Niliposhauri sehemu hiyo ifutwe yote, niliambiwa kwamba ninakimbia kazi ngumu, na maneno hayo hayajanitoka moyoni. Nilifunga Text ya kisanduku kwenye sifa ya Idadi kwa Binding (kiungo kati ya kidhibiti na data), nikaliwekea darasa la Dawa INotifyPropertyChanged ili litangaze thamani zikibadilika, na kitanzi cha kuhifadhi kikawa kinapitia dawa zenyewe. Malalamiko ya stoo yaliisha. Aliyenisema hajarudia neno lake.

Basi, ndugu zangu, tuache kuhangaika na vidhibiti wakati tunachokitaka ni data. Kitufe kikibonyezwa ndani ya kiolezo, DataContext ya sender, yaani data iliyoambatanishwa na kitufe hicho, inakupa dawa husika bila kutafuta chochote. Ukihitaji kidhibiti chenyewe, kwa mfano kuweka kishale ndani yake, anza na ScrollIntoView na UpdateLayout ili mstari wake utengenezwe kwenye kioo, ndipo uite ContainerFromItem. Tena msisahau kwamba TextBox hupeleka thamani kwenye data pale tu inapopoteza fokasi; anayehifadhi kwa Ctrl+S bila kutoka kwenye kisanduku atapoteza alichoandika mwisho, isipokuwa umeweka UpdateSourceTrigger=PropertyChanged kwenye Binding, inayopeleka thamani kila maandishi yanapobadilika.