Kukaza jeli ya jelatini kwa makonyo ya karafuu

Dada, umeuliza kwa nini jeli yako ya jelatini inakatika upesi, na kama maji ya makonyo ya karafuu (vile vikonyo vinavyoshika maua yake) hapo Wete, Pemba, yanaweza kuikaza. Yanaweza. Makonyo yana tanini, kemikali ya mimea yenye ukakasi, na molekuli moja ya tanini hushika nyuzi kadhaa za jelatini kwa pamoja, kwa vifungo vya haidrojeni, ambavyo ni mvutano dhaifu kati ya molekuli.

Hatari ni kuzidisha. Ukimimina maji mazito kwa mkupuo, jelatini hufanya mabonge na kujitenga, jeli huipati tena. Chuja kwanza, engua mafuta yaliyoelea, kisha tia kidogo kidogo jelatini ingali na moto, huku unakoroga. Ukitaka iimarike zaidi, ongeza magadi chembe tu na uiache ipate hewa; hapo vifungo huwa vya kudumu, ingawa rangi itageuka kahawia.

Jeli ya kotoni, aina ya mwani wa baharini, ni habari nyingine: hiyo hukazwa na chumvi ya potasiamu. Na nakuomba sana, usichune magome ya mikandaa (mikoko) iliyo hai ili kupata tanini, mti ukichunwa kuzunguka shina hufa. Majani ya mpera nayo yana tanini.