Nani Alitawala? Anza na Sarafu na Hotuba ya Ijumaa

Anayeanza kusoma historia ya dola za Kiislamu za enzi za kati hukimbilia orodha ya makhalifa. Orodha hiyo itakupotosha mapema. Waabbasi, ukoo wa makhalifa wa Baghdad, wamo kuanzia 750 mpaka Baghdad ilipoangukia Wamongolia 1258, lakini kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo jeshi na hazina vilikuwa mikononi mwa watu wengine. Uliza kwanza mambo mawili: hotuba ya Ijumaa ilimtaja nani, na sarafu ilipigwa kwa jina la nani. Mtawala aliyekosa vyote viwili hakuhesabiwa kuwa mtawala.

Chukua dirhamu ya fedha ya Bani Umayya, ukoo uliotawala kabla ya Waabbasi, iliyopigwa baada ya khalifa wao Abd al-Malik kuzibadilisha sarafu. Ina uzito usiofika gramu 3, na haina picha, ni maandishi matupu. Upande wenye shahada, soma duara la ukingoni: linaanza na Bismillahi, kisha "imepigwa dirhamu hii", kisha mji, kisha mwaka. Mwaka umeandikwa kwa maneno, mamoja yakitangulia makumi. Msomaji wa Kiswahili hapa ana bahati, maana thamanini na tisini anazijua tangu utoto.

Shida kubwa ni saba na tisa. Hati ya Kufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya sarafu hizo kwa kawaida haina nukta, na bila nukta maneno hayo mawili yanakaribiana mno kwa umbo. Ndivyo ilivyo kwa sabini na tisini pia. Ukikosea, umepoteza miaka ishirini. Basi usisome mwaka peke yake, upime na mji. Dirhamu ya Wasit, mji wa Iraq, ukiisoma 77, umekosea: mji huo ulijengwa na gavana al-Hajjaj mwanzoni mwa karne ya 8, na mwaka 77 wa Hijria ni 696. Rudi uangalie tena, huenda ni 97.

Kugeuza mwaka nako kunahitaji uangalifu. Wengi hujumlisha 622 basi. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo zidisha kwa 0.97 kwanza, ndipo ujumlishe 622. Mwaka 567 utakupa takriban 1172. Ukijumlisha tu unapata 1189, kosa la miaka 17. Hata jibu sahihi huangukia katika miaka miwili ya Miladi, kwa hiyo andika 1171/1172 mpaka uujue mwezi.

Na mwezi huo una uzito wake. Septemba 1171, Muharram ya 567, hotuba za Cairo zilimwacha al-Adid, khalifa wa Kifatimi (ukoo wa Kishia uliotawala Misri), zikamtaja al-Mustadi, khalifa wa Kiabbasi wa Baghdad. Al-Adid alikuwa mgonjwa, akafa siku chache baadaye. Salah al-Din, waziri wa al-Adid, alimaliza dola ya zaidi ya karne mbili mimbarini, kwa kubadilisha jina moja.

Lakini jina si nguvu. Wabuwaihi, ukoo wa kijeshi kutoka Iran, walipoingia Baghdad 945 walikuwa Mashia, na bado walimwacha khalifa wa Kisunni kwenye sarafu, jina lake pamoja na lao. Walihitaji uhalali wake; yeye hakuwa na jeshi la kuwakatalia. Ukiona majina mawili, tafuta nani aliwalipa askari.

Kwa sarafu za pwani yetu, njia hii ya mwaka haifanyi kazi. Za shaba za Kilwa, kama zile za Ali bin al-Hasan, zina jina la sultani na maneno ya kumtegemea Mungu yenye vina, mwaka hazina. Dafina ya Mtambwe Mkuu, Pemba, iliyopatikana 1984, ilikuwa na vipande vya fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nje. Dinari iliyo mpya kuliko zote inakuambia dafina haikufukiwa kabla ya mwaka wake. Haikuambii zile za fedha zilipigwa lini, na hapo ndipo wanaoanza huteleza.