Waliniambia kazi zangu ni mabango tu

Juzi kijana mmoja mchoraji ameniandikia: "Dada, nimekataliwa maonyesho mara ya tatu. Niache?" Nimekaa na ujumbe huo siku mbili, maana umenitonesha kidonda.

Miaka sita iliyopita nilipeleka chapa zangu 12, yaani picha ninazochonga kwenye mbao na kuzichapa karatasini, kwenye jumba moja la sanaa. Mhusika akazipekua kama anayehesabu noti, akanirudishia. "Haya ni mabango tu." Nililia ndani ya daladala mpaka nyumbani. Ile "tu" bado inaniuma.

Baadaye nikajaliwa kufika Ufaransa, nikapanda treni kutoka Toulouse hadi Albi, alikozaliwa mchoraji Henri de Toulouse-Lautrec mwaka 1864. Makumbusho yake yamo ndani ya ngome ya matofali iliyokuwa ya maaskofu, kando ya mto Tarn. Na humo, mahali pa heshima, kuna bango! Tangazo alilochora la ukumbi wa dansi wa Moulin Rouge, la 1891, refu kuliko mimi. Nilisogea mpaka mlinzi akakohoa. Kwa karibu unaona vitone vya wino vilivyorushwa kwa brashi, vimetawanyika kama manyunyu ukutani. Rangi nne. Bango kama hilo huchapwa kwa jiwe: unachora juu yake kwa kitu chenye mafuta, unalowesha maji, wino unashika penye mafuta peke yake. Mimi nachonga mbao, lakini mkono ule niliutambua.

Lautrec alivunjika paja akiwa na miaka 13, la pili akiwa na 14, miguu ikakoma kurefuka. Alifariki 1901, miaka 36 tu. Paris haikuzitaka kazi alizoacha. Mama yake, Adèle, ndiye aliyezitoa kwa mji wa Albi, na makumbusho yakafunguliwa 1922.

Kwa hiyo mdogo wangu, usiache. Nenda ukaone kazi kwa macho yako, si kwenye simu. Chapa za karatasi huharibiwa na mwanga, nyingi hulala kwenye droo za makumbusho. Andika barua mapema, omba kuonyeshwa. Usione haya kuomba! Halafu tunza zako: tarehe, idadi ya nakala, sahihi. Nenda ukaone, narudia.

Zile 12 zangu ziko Tanga, juu ya kabati la mama, amezifunga kwa kanga.